Rehema na Joto la Maji

Mvuvi anapomrudisha samaki majini akiwa hai, je, ametenda wema? Swali linaonekana jepesi mno kustahili kuulizwa. Samaki alikuwa mkononi, uhai wake ulikuwa katika uwezo wa mtu, na mtu huyo akachagua kumwachia. Kama hiyo si rehema, rehema ni nini? Nchini Marekani, ambako mamilioni ya watu huvua kwa burudani, desturi ya kukamata na kuachia imepata heshima inayokaribia ile ya ibada: anayeachia huonekana muungwana, anayebeba samaki nyumbani huonekana mlafi. Desturi hiyo haiko huko tu. Watamu na Malindi, wavuvi wa michezo humtia nduaro alama na kumrudisha baharini. Heshima hiyo nataka kuipinga, ingawa si yote. Ninachodai ni kwamba kumwachia samaki hakuna thamani moja mwaka mzima. Tendo lilelile, la mtu yuleyule, kwa moyo uleule, laweza kuwa rehema mwezi wa Februari na kuwa upotevu wa uhai mwezi wa Agosti. Na anayelijua hilo hawezi tena kujikinga kwa nia yake njema.

Samaki atakayetusaidia kuliona jambo hili ni besi milia, ambaye wanasayansi humwita Morone saxatilis. Ni samaki wa rangi ya fedha, mwenye mistari myeusi saba au minane inayotambaa ubavuni toka nyuma ya mashavu hadi mkiani. Kwa asili ana makazi mawili: hukulia katika maji ya chumvi ya pwani ya mashariki ya Amerika Kaskazini, kisha hupanda mito kwenda kutaga. Maziwani aliingizwa na binadamu. Mwaka 1941, huko South Carolina, mradi wa umeme wa Santee Cooper uliziba mto Santee na kuzaa mabwawa mawili makubwa, Marion na Moultrie. Besi milia waliojikuta upande wa juu wa ukuta hawakutoweka. Waliendelea kunenepa, wakawa wanapanda mito ya Congaree na Wateree kila mwaka kutaga, na hatimaye ikadhihirika kwamba samaki huyu anaweza kumaliza maisha yake yote bila kuonja chumvi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, wataalamu wa kituo cha Moncks Corner, kando ya mabwawa hayohayo, walifaulu kuwatagisha majike kwa sindano za homoni. Tangu hapo vifaranga vimepelekwa katika mabwawa ya Tennessee, Kentucky, Georgia, Alabama, Texas na majimbo mengine mengi, na samaki wa bahari akawa samaki wa bara. Mkubwa kuliko wote waliowahi kurekodiwa kati ya besi milia wanaoishi bara alivuliwa Februari 2013 katika mto Black Warrior, Alabama, akiwa na uzito wa zaidi ya kilo 31.

Mwaka wa samaki huyu una sura nne, na mvuvi mzuri huzijua zote. Majira ya kuchipua, maji yanapofikia nyuzi 15 hadi 20 za Selsiasi, madume na majike huacha bwawa na kupanda mto. Hapo huvuliwa kwenye mkondo, chini ya kuta za mabwawa, mahali maji yanapochafuka povu. Mayai yao hayashikamani na mawe wala majani. Huelea nusunusu na lazima yachukuliwe na mkondo kwa takriban siku mbili kabla ya kuanguliwa. Mto ukiwa mfupi, mayai hufika kwenye maji yaliyotulia, huzama matopeni na kukosa hewa. Ndiyo maana ni mabwawa machache tu, kama Santee Cooper, na Texoma lililo mpakani mwa Texas na Oklahoma, ambamo samaki hawa huzaliana wenyewe kwa wingi. Majani yanapopukutika, maji ya juu hupoa na besi milia hupanda kuwawinda vidagaa wa jamii ya shadi. Ndege hujaa angani na mvuvi hufuata ndege. Majira ya baridi samaki hupunguza mwendo, hukusanyika kwenye vina na karibu na maji ya vuguvugu yanayotoka kwenye mitambo ya umeme, na huuma chambo kwa uzito lakini huuma. Imebaki sura moja, ya joto, nayo ndiyo inayobeba swali letu.

Bwawa wakati wa joto hujigawa matabaka. Maji ya juu huchemka kwa jua na kuwa mepesi. Ya chini hubaki baridi na mazito. Kati yao huwa na mpaka ambao upepo wa kawaida hauwezi kuuvunja. Mwani na mabaki ya viumbe huzama chini na kuoza, na kuoza hula oksijeni. Kwa kuwa tabaka la chini halipati hewa mpya kutoka juu, kufikia Julai na Agosti sehemu kubwa ya maji baridi huwa haipumuliki. Sasa mtazame besi milia aliyekomaa. Anapenda maji yasiyozidi nyuzi 25 hivi, na kadiri anavyokuwa mkubwa ndivyo joto linavyomwelemea zaidi. Akipanda juu anaungua, akishuka chini anakosa pumzi. Mwaka 1985 mwanasayansi Charles Coutant wa maabara ya Oak Ridge, Tennessee, alilieleza tatizo hili kama kubanwa kati ya joto na oksijeni: makazi ya samaki huwa ukanda mwembamba wa maji, au vijisehemu vilivyo karibu na chemchemi na midomo ya vijito baridi, na humo samaki hurundikana wakiwa wamekonda na dhaifu. Mvuvi aliye na mashine ya kupimia kina huwaona kwenye kioo chake wamejipanga mahali pamoja. Hakuna wakati ambapo ni rahisi kuwapata kama huo, wala ambapo ni hatari zaidi kwao kupatikana.

Samaki akinasa kwenye ndoano wakati huo, hupambana kwa nguvu ambazo hana. Misuli yake hujaa asidi ya laktiki, na ili kuisafisha anahitaji oksijeni nyingi. Lakini anavutwa kutoka kwenye ukanda wake kwenda maji ya juu yenye joto, ambayo kwa tabia ya maji hubeba oksijeni kidogo kadiri yanavyopata moto, huku mwili wake wenyewe ukidai zaidi kwa sababu ya joto hilohilo. Kama ametoka kwenye kina kirefu, kibofu chake cha hewa hufutuka asiweze kurudi chini kirahisi. Kisha anainuliwa, anapigwa picha, anarudishwa. Mara nyingi huondoka akipiga mkia, na hilo ndilo linalomdanganya mtazamaji, kwa kuwa kifo huja saa kadhaa baadaye, kwenye kina kisichoonekana. Utafiti uliofanywa Tennessee katika miaka ya 1990, ambapo samaki waliofungwa vifaa vya kutoa mawimbi ya sauti waliachiwa na kufuatiliwa, ulionyesha kwamba majira ya baridi waliokufa walikuwa chini ya mmoja katika kila watano, na kwamba wakati wa joto walipita nusu. Uchunguzi mwingine wa maji yasiyo na chumvi umethibitisha mwelekeo huo, ukaongeza kwamba chambo cha asili huua zaidi kuliko chambo cha bandia, kwa sababu samaki hukimeza na ndoano huingia ndani. Mvuvi mahiri anayeachia samaki kumi siku moja ya Agosti, kwa hesabu hiyo, amewaua zaidi ya watano na hakupeleka hata mmoja jikoni.

Hapa ndipo falsafa inapoanza kazi, kwa kuwa mvuvi huyo atajibu kwamba hakukusudia kuua. Jibu hilo lina uzito, na dini zetu zimelipa uzito huo. Kila Mwislamu amefundishwa kwamba matendo hupimwa kwa nia. Katika Ukristo wa karne ya 12, Peter Abelard alilishikilia wazo linalofanana na hilo kwa ukali mkubwa: kwamba Mungu haangalii kilichotendeka bali ridhaa ya moyo iliyotangulia tendo. Tukikubali hivyo, mwenye kumwachia samaki kwa huruma amehesabiwa huruma yake, na kinachompata samaki huko chini ni mambo ya bwawa. Lakini nia si tamanio. Naweza kutamani mvua inyeshe kesho, siwezi kuinuia, maana haiko katika uwezo wangu wala sina sababu ya kudhani nitaileta. Kunuia jambo ni kulielekea kwa njia ninayoamini itanifikisha. Anayejua kwamba samaki aliye mkononi mwake, katika maji ya nyuzi 29, ana nafasi ndogo ya kuiona kesho, hawezi kunuia uzima wake kwa kumtupa majini. Anaweza kuutamani tu. Na mtu akiita tamanio lake nia, amejipa thawabu ya jambo ambalo hakulifanya.

Kwa hiyo nakubali kwamba nia ndiyo kipimo, ila nasema nia hufuata elimu. Asiyejua ana udhuru. Mtoto anayemwachia samaki wake wa kwanza mwezi wa Julai ametenda rehema kamili, hata kama samaki atakufa, na sitaki hoja yangu imwondolee furaha yake. Lakini mtu mzima aliyenunua mashine ya kumwonyesha joto la maji katika kila mita ya kina, aliyesoma tabia za samaki huyu miaka mingi ili ampate kwa urahisi, hawezi kuwa mjuzi wakati wa kukamata na mjinga wakati wa kuachia. Elimu iliyomwezesha kufikia ule ukanda mwembamba ndiyo elimu iliyomwambia kwa nini ukanda ni mwembamba.

Kuna usemi wetu usemao tenda wema nenda zako. Waliotuachia usemi huo walikuwa wakituonya tusingoje shukrani. Hawakutufundisha kugeuka kabla hatujajua kama wema umefika. Mafundisho ya dini, yanapogusa wanyama, yamekuwa mahususi kwa namna ya kushangaza. Hadithi mashuhuri ya Mtume kuhusu ihsani katika kila jambo inashuka mpaka kwenye kisu: kinolewe vizuri, mnyama apumzishwe asiteseke. Huruma hapo imewekwa kwenye makali ya chuma, mahali inapoweza kukaguliwa, kwa sababu mchinjaji mwenye moyo laini na kisu butu humtesa mnyama kuliko mchinjaji mkavu mwenye kisu kikali. Kumbukumbu la Torati nayo inamwamuru aliyekuta kiota asimchukue mama pamoja na makinda, bali mama amwachie aende. Hiyo ni amri ya kuachia, tena ya kale sana, na inaeleweka kwa kuwa ndege aliyeachiwa huruka kweli, na hujenga tena. Kama ndege yule angekuwa anadondoka na kufa nyuma ya kichaka kila mara, amri isingebaki na maana yoyote.

Ushahidi ulio karibu zaidi na bwawa letu unatoka kwa Wabuddha wa Uchina na Taiwan. Kwa karne nyingi wamekuwa na ibada ya kununua ndege, kasa na samaki waliotegwa na kuwaachia huru ili kuchuma thawabu. Mtawa Zhuhong aliieneza kwa bidii katika karne ya 16. Chimbuko lake ni safi: kiumbe anakwenda kuuawa, nawe unamwokoa. Lakini ibada ilipokua ikazaa biashara, na wategaji wakaanza kuwakamata ndege kwa ajili ya watu watakaowaachia. Wengi hufa kwenye vizimba, wengine hufa wakiachiwa mahali pasipo makazi yao. Leo viongozi wengi wa Kibuddha wenyewe wanaipinga namna hiyo ya kutenda ibada, na sababu wanayotoa inatuhusu moja kwa moja: huwezi kumwokoa mtu kutoka kwenye hatari uliyomwagizia wewe. Mvuvi wa burudani yuko karibu na shimo hilo zaidi ya muumini wa Taipei, kwa sababu yeye ni mtegaji na mwokozi kwa wakati mmoja. Rehema yake inaanza pale madhara yake yalipoishia. Inaweza kupunguza deni, lakini haiwezi kuwa zawadi.

Mtu aliyesoma Thomas Aquinas ataleta hoja ngumu zaidi. Tendo moja, atasema, laweza kuwa na matokeo mawili, moja linalokusudiwa na jingine linaloonekana tu likija. Mvuvi anakusudia starehe halali ya uvuvi, akili kutulia, kuwa na mwanawe kwenye mtumbwi. Kifo cha baadhi ya samaki anakiona lakini hakikusudii. Nakubali mgawanyo huo, na bila huo dunia isingekalika: daktari asingetoa dawa yenye madhara, dereva asingetoka nyumbani. Lakini kanuni hiyo haijawahi kusimama peke yake. Imeambatana daima na sharti la uwiano: jema linalotafutwa lazima litoshe kubeba baya linalovumiliwa, na kusiwe na njia nyepesi ya kulipata jema hilo bila baya. Starehe ya uvuvi inapatikana Novemba. Inapatikana kwa kuvua mapema asubuhi mwezi wa Mei. Wakati huohuo wa joto inapatikana kwa kuwavua samaki wengine wa bwawa wanaolistahimili joto, kama kambare wa huko. Mwenye njia zote hizo hana haki ya kusema kifo cha besi milia wa Agosti kilikuwa gharama isiyoepukika.

Wapo watakaosema mjadala huu wote ni wa bure kwa kuwa samaki haumii. Suala hilo halijaisha. Mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake walionyesha, kwa samaki aina ya trauti, kwamba midomo ina vipokezi vya madhara na kwamba samaki aliyedungwa asidi au sumu ya nyuki hubadili mwenendo, huacha kula, hujisugua kwenye changarawe. James Rose alikuwa ametangulia mwaka 2002 kushikilia kwamba samaki hana sehemu ya ubongo ambayo kwa binadamu ndiyo huleta hisia ya maumivu, na wengine wamemfuata. Mimi naona ushahidi wa Sneddon na waliokuja baada yake una uzito kuliko hoja kwamba asiye na ubongo kama wetu hawezi kuhisi, maana hoja hiyo ingewanyima maumivu ndege pia, nasi hatuko tayari kusema hivyo. Lakini hata nikishindwa hapo, hoja yangu haianguki. Sikuijenga juu ya maumivu. Niliijenga juu ya uhai unaoondolewa bila kutumiwa, na mapokeo yetu ya dini yanalichukulia hilo kuwa kosa hata pale mnyama anapokufa bila kuhisi kitu. Wanafiqhi wengi waliochukia uwindaji wa mchezo tu hawakuuliza kwanza kama ndege aliumia. Waliuliza alikufa kwa faida gani.

Hoja ninayoisikitikia zaidi, kwa sababu hutolewa kwa nia ya kutuliza, ni ile ya vifaranga. Bwawa hili, huambiwa, halina besi milia wa asili. Serikali ya jimbo iliwaleta kwa lori, na mwakani italeta wengine. Bila uvuvi wasingekuwepo kabisa, basi kuwepo kwao ni fadhila yetu na kifo chao ni hasara yetu wenyewe. Wasomaji wa Mwanza na Kisumu wanajua kuhusu samaki mwindaji aliyepandikizwa na binadamu: sangara aliletwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, akawamaliza furu wa aina nyingi, na akalisha watu na viwanda. Kuhusu sangara tunaweza kubishana kama faida ilishinda hasara, kwa kuwa kuna faida ya chakula ya kuweka kwenye mizani, na samaki mwenyewe anazaliana na kuliendesha ziwa atakavyo. Besi milia wa bwawa la Tennessee yuko katika hali nyingine. Amewekwa mahali ambapo wakati wa kuchipua atapanda mto kwa silika ya kale na mayai yake yatazama matopeni, na wakati wa joto atabanwa kati ya moto na kukosa pumzi, yote hayo ili tupate kumvua. Siwezi kuona jinsi jambo hilo linavyopunguza wajibu wetu. Tuliyemkuta porini tunadaiwa tusimharibu. Tuliyemleta sisi, mahali tulipopachagua sisi, tunadaiwa zaidi, kwa maana udhaifu wake wa Agosti ni sehemu ya kazi yetu. Kumpa kiumbe uhai hakumpi mtoaji ruhusa ya kuuchezea. Wazazi wote wanalijua hili, na mapokeo yanayomwita binadamu khalifa au msimamizi wa dunia hayakumpa usimamizi juu ya vile alivyovikuta tu.

Sheria nayo huletwa kama ngao. Mabwawa mengi yana kipimo cha chini cha urefu, na samaki aliyepungua sentimita moja ni lazima aachiwe, awe mzima au akiwa anakata roho. Mvuvi hana hiari, nakubali. Hata hivyo hiari yake ilikuwepo kabla hajashusha chambo. Kanuni ya urefu ilitungwa ikidhani kwamba anayeachiwa ataishi. Dhana hiyo ikivunjika kwa joto, kanuni hugeuka kuwa amri ya kupoteza, na mwenye dhamiri hapaswi kujiweka mahali ambapo atalazimika kuitii. Baadhi ya watunga kanuni wameliona hili. Kwenye mfumo wa mto Santee, palepale samaki huyu alipoanza maisha yake ya bara, uvuvi wake hufungwa kwa sehemu kubwa ya kipindi cha Juni hadi Septemba. Maryland, kwenye ghuba ya Chesapeake, katika miaka ya karibuni imefunga katikati ya majira ya joto hata ule uvuvi wa kukamata na kuachia. Texoma, wanakoruhusu samaki wengi kwa siku, imekatazwa kumtoa samaki aliyekwisha kuwekwa kwenye tangi la chombo ili kumbadilisha kwa mkubwa zaidi. Kanuni hizi tatu zinakiri jambo moja ambalo desturi ya burudani imechelewa kulikiri: kwamba kukamata ndiko kunakoua, na kuachia hakukufuti.

Upande wa pili wako wanaoniona mlegevu. Uswisi, kwa kanuni zake za ulinzi wa wanyama za mwaka 2008, ilikataza kuvua kwa lengo la kuachia. Ujerumani sheria inadai sababu ya maana kabla ya kumtesa au kumuua mnyama mwenye uti wa mgongo, na chakula kinakubalika kuwa sababu, mchezo haukubaliki. Kwa mtazamo huo msimu si kitu: kama unamvua kumla, mvue, mle, kama humli, mwache alipo. Naiheshimu hoja hii, na kwa miezi ya joto naifuata neno kwa neno. Mwenye haja ya kuvua besi milia Julai na avue yule anayeruhusiwa na sheria, amuue mara moja kwa pigo la haraka, amtie kwenye barafu, akitosheka aweke vifaa chini aende nyumbani. Mvuvi huyo, anayedharauliwa gatini kwa kubeba samaki wawili, ameua wawili. Yule anayesifiwa kwa kuachia ameua zaidi. Ni dhuluma kwamba aibu inampata wa kwanza.

Ninapotofautiana na Waswisi ni katika miezi ya baridi. Wao wanalihukumu tendo kwa lengo lake peke yake, kama vile mtetezi wa nia alivyofanya, ila kwa kugeuza hukumu. Mimi naona kwamba maji ya nyuzi 10 hubadilisha maana ya tendo. Samaki aliyevuliwa kwa ndoano moja isiyo na kijembe, akafikishwa haraka, asiinuliwe kutoka majini, anarudi kwenye maji yenye oksijeni tele akiwa na nafasi kubwa ya kuishi na, katika mabwawa machache, ya kupanda mto mwezi wa Aprili. Usumbufu aliopata ni wa kweli na mvuvi anapaswa kuukiri. Lakini usumbufu si kifo, na mwenendo wetu na wanyama, kuanzia punda mpaka mbwa wa mlinzi, umejaa usumbufu tunaouruhusu kwa sababu ndogo kuliko hii. Kutoka kwenye uvuvi huo wa baridi hupatikana pia watu wanaolijua bwawa, wanaopiga kelele maji yanapochafuliwa, wanaolipia leseni zinazogharimia utafiti uleule niliousimulia. Faida hiyo haimfikii samaki aliye mkononi, kwa hiyo siiiti rehema kwake. Inawafikia wenzake.

Hukumu ya namna hii humnyima mvuvi raha ya kuwa na jibu moja. Lazima ajue joto la maji kabla ya kutoka nyumbani, na lazima akubali kwamba kalenda haitoshi, kwa maana Septemba ya mwaka mmoja si Septemba ya mwingine. Mabwawa ya kusini huvunja matabaka yake Oktoba au Novemba, usiku unapokuwa mrefu na maji ya juu yanapopoa hadi kuwa mazito kama ya chini. Upepo huyachanganya, na oksijeni hushuka tena mpaka sakafuni. Besi milia hutawanyika kutoka kwenye vijisehemu vyao siku chache baada ya hapo, na wiki hizo za kwanza bado huwa wamekonda kwa miezi ya kutokula vizuri. Anayewasubiri wapate kurudisha nyama mwilini, ingawa kanuni tayari inamruhusu na ndege tayari wanamwonyesha walipo, ameanza kufanya kwa samaki jambo ambalo kuachia peke yake hakujawahi kulifanya.